Mifugo ya Bibi Coleta

Karoti ilitoka ardhini bila ubishi, na hapo ndipo Epifania alipojua kwamba mambo yameharibika. Karoti iliyoshiba hushindana na mkono. Lazima uizungushe kidogo, uibembeleze. Hii ilikuja yenyewe, nyepesi, majani yake yamesimama vizuri kabisa, na chini ya majani palikuwa na kipande kisichozidi ukucha, kimetafunwa hadi kikawa laini kama sabuni iliyokwisha. Aling'oa nyingine. Majani matupu. Akang'oa ya tatu, ya nne, akaacha. Tuta zima lilikuwa la kijani, likitikiswa na upepo baridi unaoshuka kutoka milima ya Mbizi, na chini ya kijani hicho hapakuwa na kitu.

Alibaki amechuchumaa. Ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala juu ya mtaa wa Pito, umekifunika kijito na nyumba za majirani, ukaacha mapaa peke yake yakielea. Asubuhi za namna hii Epifania hakuwa na hakika kama ameamka. Tangu mahindi yavunwe mashambani alikuwa akiota meno. Hayakuwa meno ya mtu wala ya mnyama anayejulikana. Yalikuwa meno tu, madogo madogo, yakitafuna taratibu mahali fulani chini ya godoro, na kila alipofumbua macho sauti ile ilichelewa kidogo kunyamaza.

Ukimwambia mtu kwamba mama mzima anaweza kukonda kwa sababu ya karoti, atacheka. Acha acheke. Bustani ile ndiyo iliyokuwa jina la Epifania pale mtaani. Sokoni hawakusema "karoti", walisema "za Mama Silvana". Ilianzia nyuma ya nyumba na kuteremka hadi kijitoni. Juu matuta ya karoti, kabichi na chainizi, na chini, kwenye udongo mzito wenye unyevu, ntumba za mama mkwe wake.

Ntumba ndizo zilizomlea Mfipa katika nchi hii ya upepo. Mvua zinapokaribia kukatika, mtu hukata mabonge ya nyasi pamoja na udongo wake, akayapanga kwa duara, nyasi zikitazama ndani, akafunika udongo juu hadi kila ntumba ikawa kama chungu kilichofudikizwa. Humo ndani nyasi huoza polepole katika giza lao. Mvua mpya ikianza, ntumba hufunguliwa, udongo mweusi hutandazwa, ulezi hupandwa. Kabla ya hapo husemwa kwamba zimelala. Bibi Coleta alikuwa amezifunga mwenyewe mwezi wa tatu, akili zake zikiwa bado hazijaanza kwenda matembezi.

Nazo zilikuwa na joto. Katika baridi ya Sumbawanga hata binadamu angetamani kulala humo, sembuse panya. Kila ntumba ilikuwa na tundu lake, na kutoka kila tundu njia nyembamba iliyosuguliwa na miguu midogo ilipanda moja kwa moja hadi kwenye karoti.

&nbsp;

"Bustani ya kulisha panya si bustani," Wilibrodi alisema, akipuliza uji. "Ni hoteli."

Wilibrodi alikuwa mume wake, fundi pikipiki pale njia panda, mtu mpole mwenye mikono isiyotakata oili hata Jumapili kanisani. Aliketi akiutazama ukuta. Siku hizi kila alipoketi aliutazama ukuta. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na fito, na ufa ulioanzia dirishani ulikuwa umefika karibu na mlango. Kiganja kingeweza kuingia. Majirani wote walikwisha jenga kwa tofali za kuchoma. Desemba wakwe wangekuja kutoka Mbeya kumtolea mahari binti yao, Silvana.

"Watakaa wapi?" Wilibrodi aliuliza. "Hapa? Baba mkwe aegemee ufa?"

"Nyumba si inaonekana kwa watu waliomo?"

"Hayo ni maneno ya mwenye nyumba mbovu." Aliweka kikombe chini. "Mama Silvana, Shedrack yuko tayari. Anachimba udongo kule chini, anafyatua, anachoma, nusu yake nusu yetu. Tofali za nyumba nzima bila kutoa kitu. Nani mwingine atatufanyia hivyo?"

"Na bustani?"

"Bustani gani?"

Swali lile lilimchoma, kwa sababu mapajani kwake bado alikuwa na fungu la majani ya karoti zisizo na karoti.

Kitu kimoja tu kilimzuia Shedrack. Alikuja mwezi wa tano, akaufinyanga udongo kiganjani, akaupenda. Kisha akaziona ntumba, akavua kofia. Katika koo za huku, aliyefunga nyasi ardhini ndiye mwenye ardhi ile hadi ntumba zifunguliwe, awe mume, mke au kikongwe asiyejua leo ni siku gani. "Sichimbi ntumba ya mama aliye hai," alisema. "Zikifunguliwa, mniite." Akaenda zake.

"Tuzifungue sasa," alisema Wilibrodi. "Panya watakimbia, wewe utaacha kulia, na mimi nitapata nyumba."

"Hazifunguliwi kiangazi. Na si zako, ni za mama."

Bibi Coleta alikuwa kwenye kigoda karibu na moto, blanketi kichwani, macho yamefumbwa. Alikuwa akitabasamu kwa jambo lake mwenyewe. Wote wawili walimtazama kama watu wanavyotazama saa iliyosimama, kisha Wilibrodi akachukua spana zake akatoka.

Epifania alibaki na hesabu isiyotoka. Ntumba zikibaki, panya watabaki, na watamaliza bustani. Ntumba zikifunguliwa, panya watakwisha, na Shedrack ataingia na sepetu, aichukue ardhi yenyewe, ile nyeusi waliyoitengeneza yeye na mama mkwe miaka yote tangu alipoletwa hapa akiwa mwali, akaacha shimo la maji machafu. Alihisi hasira, halafu usingizi. Siku hizi kila jambo zito lilimletea usingizi.

&nbsp;

Akaenda kuazima paka.

Scola, mke wa Ngeleja, alikaa ng'ambo ya kijito. Walikuja na ng'ombe wao kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita, na uwanja wao ulinuka maziwa na samadi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko.

"Paka?" alicheka hadi akashika kiuno. "Mama Silvana, wewe Mfipa unakuja kwangu kuazima paka wa kukamata panya? Nasikia nyie mnawakausha, mnatia chumvi. Mmeshindwaje tena?"

Epifania aliona uso wake ukipata moto. Utotoni kwao Chala alikula, na akafurahi. Panya wa shambani, wa tumbo jeupe, waliobanikwa juu ya moto wa mabua. Lakini mtu akishakaa mjini huanza kuona haya kwa chakula alichokulia.

"Hayo ni mambo ya wazee, Mama Ngeleja."

"Basi wazee walikuwa na akili. Haya, mchukue. Lakini akirudi amekonda, nakudai."

Paka alikuwa dume la rangi ya majivu, lenye sikio lililopasuka na macho ya mgambo. Siku ya kwanza aliua wawili akawapanga mlangoni. Epifania aliimba akifua. Siku ya pili aliua mmoja. Siku ya tatu, ambayo hata mgeni hupewa jembe, alikutwa amelala mapajani mwa Bibi Coleta, tumbo juu, midomo imelowa maziwa.

"Mama, usimpe maziwa. Yuko kazini."

"Kazi gani?" Bibi Coleta aliuliza.

"Kukamata panya."

Mama mkwe wake alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia jambo la ukatili. "Asiwaguse," alisema. "Amekwisha niahidi."

Epifania alimrudisha paka jioni ile. Scola alimpima kwa mkono, akasema ameongezeka uzito, na kicheko chake kikamsindikiza Epifania hadi ng'ambo ya maji. Kesho yake kabichi tatu zilikutwa zimesimama wima, nzuri, zimetobolewa kwa chini na kubaki maganda. Epifania aligonga moja kwa kidole, ikalia kama kibuyu. Alikaa chini kwenye udongo akalia, na hakujali nani anamwona.

Wilibrodi alimwona. Alikuwa mume, si adui, ilimuuma. Siku ile alirudi na pakiti ndogo nyekundu yenye picha ya panya amelala chali.

"Sumu," alisema. "Nitaichanganya na dagaa. Jumamosi siendi kijiweni, nitaiweka mwenyewe kila tundu. Basi, imekwisha."

"Na mama je? Anazunguka huko kila siku."

"Utamfungia ndani siku mbili."

"Mama mzima, tumfungie kama kuku?"

"Basi nifanye nini, Epifania?" Alimwita kwa jina lake, jambo alilofanya mara chache mno. "Niambie wewe. Ntumba hutaki, sumu hutaki. Tukae tuwaimbie?"

Pakiti iliwekwa juu ya kabati, na macho ya Epifania yakawa yanapanda huko kila alipopita.

&nbsp;

Kulikuwa na jambo jingine dogo, la kijinga. Epifania alipika pombe ya ulezi kila mara kwa ajili ya jirani mwenye kilabu, na machicha aliyaweka kwenye ndoo ya kulishia kuku. Ndoo ilikuwa ikipungua haraka kuliko kuku walivyokula. Alifikiri ni kuku wa jirani. Alifikiri ni panya. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hukagua nguo zake kila siku?

Alhamisi alfajiri aliota tena meno, na katika ndoto meno yalikuwa yakiitwa kwa majina. Akafumbua macho, sauti iliyoita haikunyamaza. Ilitoka nje. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa kitupu, blanketi halipo.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba alitembea akinyoosha mkono mbele. Umande ulimlowesha magoti. Chini, kwenye ntumba, alimwona Bibi Coleta akielea, maana miguu yake haikuonekana, amejitanda blanketi, ndoo ya machicha mkononi. Aliinama kwenye tundu, akamwaga konzi moja, akasema neno kwa Kifipa, laini, neno la kumwita mtoto aje kula. Kisha akahamia ntumba ya pili. Na kutoka kwenye lile tundu la kwanza kilitoka kichwa kidogo, kikanusa, hakikuwa na haraka yoyote.

Epifania alisimama pale pale. Miezi miwili. Miezi miwili amechota maji, amepalilia, amelia; na chanzo kililala chumba cha pili. Hasira ilimjia kubwa hadi ikamwamsha kabisa.

"Mama! Unafanya nini?"

Bibi Coleta hakushtuka. "Nalisha mifugo."

"Mifugo gani? Hawa ni panya, mama! Wamemaliza karoti, wamemaliza kabichi!"

"Ndiyo, wanakula vizuri." Alisema hivyo kwa fahari ya mwenye ng'ombe. "Mwaka ule wa njaa, mimi nikiwa hivi," akashusha kiganja hadi usawa wa goti, "mahindi yalikauka, ulezi ukakauka. Mama yetu akafungua ntumba. Nyama ilikuwamo. Tulikula, tukaishi. Akatuambia, mtu mwenye ntumba hafi njaa."

"Mama, sasa hakuna njaa. Unga upo."

"Upo leo." Bibi Coleta alimwaga konzi nyingine. "Mwanangu anataka kuchimba hapa apate tofali. Nimemsikia. Mnafikiri nimelala, mimi nasikia. Akishachimba, mtalima wapi? Mtakula tofali? Nikaona, basi, niwafugie kitu. Watoto wa Silvana wasije wakakosa."

Hasira yote ya Epifania ilipotea, akabaki na mikono mitupu. Alitaka kucheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mwanamke huyu, aliyesahau jina la parokia yake, aliyemwita mwanawe kwa jina la marehemu baba yake, alikuwa amelikumbuka lile moja ambalo wote walijifanya hawalijui. Alikuwa akiiokoa nyumba, na kwa kuiokoa alikuwa akiimaliza. Epifania alimpenda pale kuliko alivyowahi kumpenda, na hakujua afanye nini.

Angemwambia Wilibrodi? Wilibrodi angempeleka kwa dada yake kule Kasanga, kwenye joto la ziwani, kati ya watu wasiojua hata uji wake upikwe vipi. Na Jumamosi sumu ingewekwa, na mikono ya kikongwe huyu, iliyokuwa inapangusa mashimo, ingerudi mdomoni.

Akaketi kwenye umande, karibu na miguu ya mama mkwe, akasema polepole kama anavyosema na mtu mwenye mali.

"Mama, mifugo yako inaingia shambani kwangu."

Bibi Coleta alisimama na ndoo. "Inaingia?"

"Kila siku. Imekula matuta yote ya juu. Mimi ni mke wa mwanao, nafanyaje?"

Kikongwe aliweka ndoo chini. Ukungu ulipita kati yao, ukamfuta, ukamrudisha. "Mfugo ukila shamba la watu," alisema hatimaye, "unachinjwa. Sheria ndiyo hiyo. Imenona?"

"Imenona sana."

"Basi kesho tutafungua."

"Lakini mama, tukifungua, Shedrack ataingia. Amesema zikifunguliwa..."

"Kesho," Bibi Coleta alikata. "Waite watu. Mtu hachinji peke yake, ni uchoyo."

Akaelekea nyumbani akiburuta blanketi kwenye umande, na Epifania akamfuata akiona kwamba mama mkwe hajaelewa. Alikwisha kubali kuua panya, na kwa kukubali huko amefungua mlango wa sepetu. Lakini neno lilikwisha toka kwa mwenye ntumba, na Epifania hakuona la kufanya.

&nbsp;

Walikuja. Scola alikuja na rungu la mumewe, na jirani wawili watatu wenye majembe, na watoto waliokuwa likizo, na wazee waliosikia neno "kufungua" wakashangaa, ni Julai. Jua lilikuwa limeshaula ukungu, na anga la Ufipa lilikuwa pana na la bluu kiasi cha kutia kizunguzungu. Wilibrodi alisimama kizingitini na simu sikioni. Epifania alimwona, alimwona pia akishusha sauti, na alijua anampigia nani. Akaenda kuchukua jembe.

Bibi Coleta aliketishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kutoka pale aliamuru. Ilikuwa ajabu kumsikia. Sauti haikuwa na matembezi hata kidogo.

"Zibeni matundu ya chini. Mawe, si majani! Bakizeni moja, lile la upande wa kijito. Wewe mama mnene, simama hapo."

"Nimesimama, bibi," alisema Scola kwa adabu.

"Sasa piga juu. Taratibu. Usimkate, ni nyama."

Ntumba ya kwanza ilipasuka na pumzi ya joto ikatoka, harufu ya mvua iliyopita. Udongo ulikuwa mweusi unaong'aa, na ndani yake uhai ulilipuka pande zote. Watu walipiga kelele, marungu yakashuka, watoto wakaanguka juu ya wenzao, Scola akapiga mguu wake mwenyewe akalia na kucheka kwa pamoja. Ntumba ya pili. Ya tatu. Panya waliwekwa kwenye nyasi mbele ya Bibi Coleta, safu kwa safu, naye aliwabonyeza matumbo kwa kidole, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Epifania alifungua ya mwisho mwenyewe. Ndani palikuwa na kiota kilichofumwa kwa nyuzi za blanketi la mama mkwe, na pembeni ya kiota, katika chumba kidogo kikavu, zilikuwapo karoti. Nzima, safi, zimelazwa sambamba kama vile mtu mwangalifu kaziweka akisubiri mgeni. Alichukua moja akaing'ata. Ilikuwa tamu kupita zote alizowahi kulima. Alisimama pale akitafuna, jua usoni, kelele za watu zikiwa mbali, na kwa kitambo hakuwa na huzuni yoyote.

Mabua yaliwashwa. Wazee waliketi karibu na moto bila kuitwa, na hata miongoni mwa waliosema ni mambo ya zamani, walionyoosha mkono hawakuwa wachache. Scola alikula mmoja, akanyamaza, akaomba wa pili. Bibi Coleta alimchagua aliyenona kuliko wote, akampuliza majivu, akamnyooshea mwanawe.

"Kula, umechoka."

Wilibrodi aliangalia watu, akaangalia mkono wa mama yake uliokuwa bado umenyooshwa. Akapokea. Akala akiwa amesimama, amegeuza uso kando.

Hapo ndipo Shedrack alipoingia na vijana wake wawili, toroli na sepetu. Alivua kofia kwa mama, akasalimu, "Shikamoo mama." Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Nimeambiwa zimefunguliwa."

Hakukuwa na uongo wowote wa kusema: ntumba zilikuwa zimelala wazi, tumbo nje, mbele ya macho yake. Scola alishusha rungu. Epifania alijua kuwa bustani imekwisha, na kwamba ameimaliza kwa jembe lake mwenyewe.

"Mama Silvana," Bibi Coleta aliita. "Nipe mkono."

Alimpa mkono. Kikongwe alishuka kutoka kwenye ndoo, kwanza goti moja, halafu la pili, akaanza kukusanya. Majani ya karoti. Maganda ya kabichi. Nyasi kavu za viota. Aliyapanga kwa duara hapo hapo katikati ya udongo mweusi, akachota udongo kwa viganja viwili akaweka juu. Ulimwagika. Akachota tena.

"Bibi," mzee mmoja alisema kwa upole, "mvua bado sana. Nyasi kavu hizo hazitaoza."

"Zitasubiri," alisema Bibi Coleta. "Kwani mimi sisubiri?"

Epifania alimtazama, akaelewa: nyasi zikifungwa upya, ardhi ina mwenyewe. Alielewa jana yote, ule mkato, lile "kesho", lile "waite watu". Mama huyu alikuwa amemsikia kila neno. Alipiga magoti kando yake akaingiza mikono kwenye udongo wenye joto. Shedrack alirudisha kofia kichwani, akaivua tena.

"Sisi kwetu tunalima matuta marefu," Scola alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Haya ya duara nionyesheni." Akapiga magoti na mwili wake wote mkubwa. Jirani mmoja akakata bonge la nyasi ukingoni mwa kijito akalileta. Halafu mwingine.

"Wilibrodi," alisema Shedrack, "mimi nimekuja kwa kuwa umeniita. Nyumba ni yako, na mama ni wako. Sema wewe."

Watu wote walimgeukia. Wilibrodi aliangalia nyumba yake, ule ufa unaoonekana hata kutoka huku chini. Kisha akageuka, akapanda kwenda nyumbani. Epifania aliusikia moyo wake ukimfuata hatua kwa hatua. Alijua amemwaibisha mbele ya wanaume wenzake, na kwamba mwanaume aliyeaibishwa mbele ya watu huweza kufanya lolote. Mikono yake iliendelea kufanya kazi, lakini macho yalikuwa mlangoni.

Wilibrodi alitoka na jembe.

Alishuka polepole, akampita Shedrack, akasimama juu ya mama yake. Bibi Coleta hakuinua uso. Alikuwa anahangaika na bonge zito la nyasi lililokuwa linamponyoka, analinyanyua, linaanguka.

"Mama," alisema. "Lete. Naliweka wapi?"

"Hapo. Nyasi zitazame ndani."

Aliinama. Mikono ile ya oili ililichukua bonge ikaliweka mahali pake, ikachukua jingine. Shedrack aliwapungia vijana wake, na toroli likaondoka likilia gurudumu kwenye mawe. Epifania alilia waziwazi, hakuficha. Alilia kwa furaha, na pia kwa ajili ya mume wake, kwa sababu aliijua ndoto yake ya ukuta mwekundu ulionyooka, na aliona jinsi alivyoiweka chini.

"Basi wakwe," Wilibrodi alisema, bila kumtazama mtu, "wakija tutawaketisha huku huku nje."

"Ongeza udongo," mama yake alimwambia. Akaongeza.